MADA YA 9: KUTUMIA LAINI ZAIDI YA MOJA ZA INTANETI KATIKA BIASHARA

Malengo ya mada
Ukimaliza mada hii utaweza:
(a) kutofautisha kasi ya intaneti na uhakika wake;
(b) kueleza njia tatu za kutumia laini nyingi;
(c) kukokotoa muda wa kupakua faili na uhakika wa laini mbili;
(d) kueleza kwa nini laini mbili zinaweza kukatika kwa pamoja.

9.1 Utangulizi
Chukua mfano wa ofisi ya kukatisha tiketi za mabasi. Karani huangalia viti vilivyobaki kwenye mfumo, hupokea malipo ya simu na kutoa risiti, vyote kwa intaneti. Mtandao ukikatika saa 12 asubuhi abiria wakiwa wamejaa dirishani, hawatasubiri. Watahamia kwa jirani. Kwa sababu hiyo biashara nyingi hulipia laini mbili au zaidi.

Usichanganye mambo haya mawili:
Kipimo data ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwenye laini kwa sekunde moja. Hupimwa kwa megabiti kwa sekunde (Mb/s). Watu wengi hukiita kasi.
Uhakika ni sehemu ya muda ambayo laini inafanya kazi. Huonyeshwa kwa asilimia.

Laini yenye kasi kubwa inaweza kukatika kila siku, na laini ya polepole inaweza kudumu mwezi mzima bila kukatika.

9.2 Njia tatu za kutumia laini nyingi
Kifaa kinachohitajika ni ruta yenye nafasi mbili au zaidi za kuingizia intaneti. Ruta hiyo huweza kupangwa kwa njia zifuatazo:

(i) Laini ya akiba. Laini kuu hufanya kazi yote. Ya pili husubiri. Laini kuu ikikatika, ruta huhamia ya akiba yenyewe. Faida yake ni uhakika. Kasi haiongezeki.

(ii) Kugawana mzigo. Laini zote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Ruta humpeleka mtumiaji huyu laini ya kwanza na yule laini ya pili. Ofisi nzima hupata nafasi zaidi, lakini kila muunganisho mmoja hupita laini moja tu.

(iii) Kuunganisha laini. Data ya muunganisho mmoja hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, vikapita laini zote, kisha vikapangwa upya na seva iliyo upande wa pili. Hapa hata faili moja hupata kasi ya laini zote. Udhaifu wake ni gharama ya seva hiyo, na laini moja ikiwa na ucheleweshaji mkubwa huzirudisha nyuma nyingine.

9.3 Kukokotoa muda wa kupakua
Kumbuka: baiti 1 = biti 8.

*Mfano.* Ofisi ina laini A ya 20 Mb/s na laini B ya 10 Mb/s. Faili lina megabaiti 900.
Ukubwa wa faili = 900 × 8 = megabiti 7,200.
Kwa laini A: 7,200 ÷ 20 = sekunde 360 = dakika 6.
Kwa laini B: 7,200 ÷ 10 = sekunde 720 = dakika 12.
Kwa laini zilizounganishwa: 7,200 ÷ 30 = sekunde 240 = dakika 4.

Jibu la mwisho ni la kinadharia. Katika matumizi halisi muda huongezeka kidogo, kwa kuwa kupanga pakiti nako hutumia sehemu ya kasi.

9.4 Kukokotoa uhakika
Tuseme laini A ina uhakika wa 95% na laini B 90%. Hapa tumia kanuni ya uwezekano wa matukio huru.
A kukatika = 0.05; B kukatika = 0.10.
Zote kukatika pamoja = 0.05 × 0.10 = 0.005 = 0.5%.
Uhakika wa pamoja = 100% − 0.5% = 99.5%.

Mwezi wa siku 30 una saa 720. Kwa laini A peke yake utakosa mtandao saa 36. Kwa laini zote mbili utaukosa saa 3 na dakika 36 tu.

9.5 Laini mbili, sababu moja
Hesabu ya 9.4 ni sahihi ikiwa tu laini hazitegemeani. Kebo zote mbili zikipita nguzo moja, gari likigonga nguzo hiyo unapoteza zote. Umeme ukikatika na ruta haina betri, hata laini kumi hazitakusaidia.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ilizorota sana Tanzania na katika nchi jirani. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa imepungua nguvu, kwa kuwa kebo kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu Februari mwaka huohuo. Mfanyabiashara anaweza kununua laini kwa kampuni mbili tofauti, kumbe huko baharini zinategemea kebo zilezile. Ni salama zaidi kuchanganya aina: kwa mfano kebo ya fiba na setilaiti.

9.6 Swali la mfano
*Ofisi ina laini za 20 Mb/s na 10 Mb/s, na ruta inagawana mzigo. Mwenye ofisi analalamika kuwa akipakua faili moja hapati 30 Mb/s. Je, ruta ni mbovu? (Alama 4)*

Jibu: Hapana (alama 1). Katika kugawana mzigo, muunganisho mmoja hupita laini moja tu (alama 1), hivyo faili moja haliwezi kuzidi 20 Mb/s (alama 1). Jumla ya 30 Mb/s hugawanywa kwa watumiaji wote (alama 1).

Tahadhari kwa mtahiniwa: Wengi hujumlisha kasi za laini bila kutaja njia iliyotumika. Taja njia kwanza, ndipo ukokotoe.

9.7 Maswali ya kujipima
1. Faili lina megabaiti 600. Kokotoa muda wa kulipakua kwa laini ya 16 Mb/s, kisha kwa laini hiyo ikiunganishwa na ya 8 Mb/s.
2. Laini mbili huru zina uhakika wa 98% na 90%. Tafuta uhakika wa pamoja.
3. Mwenye duka la dawa amenunua laini mbili za kampuni tofauti. Kebo zake zinapita nguzo moja na ruta haina betri. Taja udhaifu mbili na umshauri.

Majibu: 1. Dakika 5; sekunde 200. 2. 99.8%. 3. Rejea 9.5.