Kwa nini picha ya MRI huharibika?

Siku hizi si ajabu kusikia kuwa daktari amemwandikia mgonjwa kipimo cha MRI. Wengi wetu hatujui kwamba mpimwaji mwenyewe anaweza kuiharibu picha. Na picha iliyoharibika ina hatari: yaweza kuficha uvimbe uliopo, au kuonyesha ugonjwa usiokuwapo.

MRI haitumii eksirei. Ina sumaku kubwa. Ile ya tesla 1.5, inayotumika katika hospitali nyingi, inazidi nguvu ya sumaku ya dunia kwa mara 30,000 hivi. Mashine hutuma mawimbi ya redio mwilini, haidrojeni iliyomo katika maji na mafuta hutoa ishara, na kompyuta huzigeuza ishara hizo kuwa picha. Tutazame mambo yanayoivuruga kazi hiyo.

1. Kutikisika. Ishara hukusanywa kidogo kidogo kwa dakika kadhaa. Mgonjwa akijigeuza au akikohoa, picha hupata ukungu, au kivuli cha kiungo hujirudia mahali pasipo pake. Ndiyo sababu tunapopimwa tumbo huambiwa tubane pumzi kidogo.

2. Metali. Vyuma vya kuungia mifupa au kunyooshea meno, pini za nywele, hata wanja wenye chembe za chuma, huvuruga sumaku ya mahali hapo. Hutokea doa jeusi, na sehemu za jirani huonekana zimepinda.

3. Hewa. Hewa inapopakana na nyama, kama ndani ya pua, picha hupotoka. Hapo mtaalamu hubadili namna ya kupima.

4. Mawimbi ya nje. Kuta za chumba hukingwa kwa metali, mara nyingi shaba. Mlango ukiachwa wazi, mawimbi ya redio huingia na kuchora mistari kwenye picha.

Tufanye nini basi? Tuvue kila chenye metali, tuoshe wanja, na tusifiche lolote tunapoulizwa. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, aseme kabla ya kuingia chumbani, kwa kuwa hapo ni uhai au jicho lenyewe lililo hatarini. Watoto tuwazoeze nyumbani kulala bila kutikisika, tukiwaeleza mapema kwamba mashine ina kelele nyingi lakini haiumizi.

Na tukiambiwa picha irudiwe, tusikate tamaa tukidhani ugonjwa umezidi. Mara nyingi ni kwamba tulitikisika tu.