SOMO LA HESABU NA MAISHA: NAMBA YA CHINI

Mara hii nataka tujifunze namna mataifa yanavyopimwa kama yanaendelea ao hapana. Msiogope, hesabu yake ni ya mwaka wa kwanza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kazi yangu ya kiongozi ni kuandika kila asubuhi waliofika kalasini. Mwanzo wa mwaka tulikuwa 50, na asubuhi moja walifika 45. Ni 90 kwa mia. Wale watano hawakurudi tena, maana wazazi wao walikosa pesa ya masomo. Nikafuta majina yao katika daftari. Kesho yake nikaandika 45 juu ya 45: 100 kwa mia! Nikafurahi. Mwenzangu mmoja akaniuliza: "Sasa tumeendelea nini?" Nikakosa jibu.

Tazameni vizuri. Namba ya juu haikubadilika. Iliyobadilika ni ya chini, na wenzetu watano wakapotea bila mtu kuona.

Sasa tuje kwa mataifa. Mwezi wa tisa 2015, nchi za Umoja wa Mataifa zilikubali malengo 17 ya maendeleo ya kudumu, ya kufikiwa mwaka 2030: kumaliza umaskini na njaa, kuleta afya, masomo, maji safi na mengine. Malengo hayo yako na shabaha 169, na kila shabaha iko na vipimo vyake. Vipimo vingi ni vya kwa mia: waliochanjwa juu ya watoto wote, wenye maji safi juu ya watu wote. Namba ya juu inapatikana hospitalini ao masomoni. Ya chini inatoka wapi? Inatoka katika kuhesabu watu.

Na sisi hapa Kongo, mara ya mwisho watu wote kuhesabiwa ni mwezi wa saba 1984, nchi ikiitwa Zaire. Walipatikana karibu milioni 30. Wengi wa wazazi wetu walikuwa wangali watoto, ao hawajazaliwa. Leo Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba tumepita milioni 100. Lakini kukadiria siyo kuhesabu. Tangu 1996 vita vimehamisha watu mara nyingi. Kijiji kinabaki tupu, na mitaa ya Kadutu na Panzi inajaa.

Njo maana wakati mwingine ripoti ya chanjo ya zoni fulani ya afya inapita 100 kwa mia. Utachanja namna gani watoto kupita wote walioko? Mara nyingi sababu ni kwamba namba ya chini ilikuwa ndogo kuliko ukweli. Msomaji anasema kazi imekwisha, kumbe kuna mtoto hajaguswa na sindano. Katika mlipuko wa surua uliotangazwa 2019, nchi yetu ilipoteza watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto.

Kuna njia ya kusaidia. Wanachagua nyumba elfu kadhaa na kuuliza habari za afya, kama walivyofanya 2007, 2013-2014 na 2023-2024. Ni sawa vile kuonja mchuzi kwa kijiko: utajua chumvi, lakini hutajua watakaokula ni wangapi. Wengine wanahesabu nyumba kwa picha za setilaiti, lakini paa haisemi wanaolala chini yake ni wangapi.

Mchungaji wa Luka sura ya 15 alijua kondoo mmoja amepotea kwa sababu alijua kwamba wote wako mia. Kama angeandika 99, asingekwenda kutafuta. Basi nimerudisha yale majina matano katika daftari. Ninaandika 45 juu ya 50, hata kama haipendezi, na Jumamosi tutakwenda kuwaona nyumbani kwao. Anayetaka kutusindikiza aniambie.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Zoni ya afya inasema iko na watoto 2,000, nayo imechanja 1,900. Kisha inaonekana watoto ni 2,500. Ni ngapi kwa mia katika ripoti, na ngapi kwa kweli?
2. Katika mtaa wako, ni nani wasiohesabiwa, na kwa nini?

Leteni majibu kwa kiongozi wa kalasi kabla ya Ijumaa.