SOMO LA WIKI: Krispi za muhogo na sianidi

Mfanyabiashara anayenunua muhogo Misima, Handeni, ili atengeneze krispi za kuuza nje, aulize kwanza mbegu: ni mtamu au mchungu? Tangu 2009 Australia hairuhusu zaidi ya miligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya krispi, na shehena hupimwa bandarini. Wengi hudhani mafuta ya moto huondoa sumu. Sivyo. Moto huua kimeng'enya kinachoivunja sumu, nayo hubaki ndani. Dawa yake ni kukuna, kuloweka na kukausha, kazi ambazo krispi hazipitii. Kwa hiyo magunia machache ya mchungu yakichanganywa, shehena nzima inaweza kukataliwa. Pimisha kabla ya kupakia. Hapa nchini usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu 2019.