MAFUNDISHO YA KUPATANA BEI
Kwa Mwenye Kununua Pikipiki, Bajaji au Gari

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharimisha riba. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake, na masahaba zake wote. Amma baada ya hayo:

Watu wa pwani hii ya Tanga, Pangani na Mkinga ni watu wa kununua na kuuza tangu enzi. Wazee walipatana bei ya mashua, ya ngarawa na ya punda, na walijua adabu zake na hukumu zake. Siku hizi chombo kinachonunuliwa sana ni chombo cha moto: pikipiki ya bodaboda, au bajaji, na kwa mwenye wasaa zaidi, gari. Aghalabu fedha inayonunulia chombo hicho si ya mchezo. Kijana huuza fungu lake la minazi aliyorithi. Mama huvua dhahabu zake akampa mwanawe. Ndugu hukusanya akiba za miaka. Fedha hiyo yote huwekwa juu ya meza ya duka moja, na kwa maneno ya robo saa huenda sehemu yake ikapotea. Kwa hivyo yampasa Muislamu ajue hukumu kabla hajaingia dukani, wala asingoje kuuliza baada ya kutoka.

SURA YA KWANZA: KUPATANA BEI SI AIBU

Wako watu waonao haya kupatana bei, wakidhani ni tabia ya mabakhili. Dhana hiyo si sahihi. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, amekataza watu kula mali zao baina yao kwa batili, akaivua biashara inayofanywa kwa kuridhiana. Ridhaa haipatikani ila kwa watu wawili kusemezana mpaka nyoyo zao zitue.

Tena imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Jabir bin Abdillahi, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa safarini pamoja na Mtume s.a.w., na ngamia wake amechoka. Mtume akamwombea na akamhimiza ngamia, akaenda mwendo asiopata kwenda. Kisha Mtume akataka kumnunua. Jabir hakukubali mara ya kwanza. Halafu wakapatana thamani, na Jabir akashurutisha ampande mpaka Madina. Walipofika alilipwa thamani yake kamili na ziada, kisha akarudishiwa na ngamia wake.

Katika kisa hiki mna mafundisho manne. Kwanza, mbora wa viumbe alipatana bei ya kipando, basi hapana aibu ndani yake. Pili, mwenye mali ana haki ya kukataa. Tatu, sharti husemwa kabla ya kuachana, halingojwi baadaye. Nne, bei hukamilishwa kwa haki, na ukarimu huja juu yake kwa hiari ya mtoaji. Hapana anayelazimishwa kuwa karimu ndani ya mapatano.

Na watu walipomtaka Mtume s.a.w. awawekee bei, hakukubali, kwa kuchelea dhulma juu ya mali ya mtu. Hapa Tanzania bei ya kikomo ya petroli hutangazwa kila mwezi na EWURA, bali bei ya pikipiki hapana aitangazaye. Muuzaji hutaja apendayo, na mnunuzi hujibu ajuavyo. Asiyejua hana la kujibu.

SURA YA PILI: KUULIZA KABLA YA KUPATANA

Su'ali: Zaidi ametoka Muheza, akanunua pikipiki mpya kwa Amri huko Ngamiani kwa shilingi 3,400,000. Kesho yake akaiona kama hiyo, kwa kila sifa, duka la pili, kwa shilingi 3,000,000. Je, ana haki ya kuirudisha?

Jawabu: Ikiwa Amri hakusema uwongo wala hakuficha kasoro, basi kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, mauziano yamethubutu na Zaidi hana khiyari. Wanazuoni wametoa mfano wa mtu aliyenunua kigae cha kioo kwa bei ya johari kwa kudhani ni johari: hana haki ya kurudisha, kwa kuwa alikuwa na nafasi ya kuuliza naye hakuuliza. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine waliompa khiyari aliyepunjwa mno, lakini mwenye akili hajengi nyumba yake juu ya khitilafu.

Basi na atazame hasara ya Zaidi. Ikiwa humbakia shilingi 8,000 kila siku baada ya petroli na matengenezo, hizo 400,000 ni kazi ya siku 50. Siku 50 za jua na mvua, baina ya Muheza na Tanga, kulipia neno moja asilouliza. Hukumu hii ndiyo nguzo ya mafundisho haya: sharia humlinda mwenye kudanganywa, wala haimlindi aliyezembea. Na namna ya kuuliza ni hii.

Aulize maduka matatu kwa uchache, na aulize chombo kile kile: aina moja, nguvu moja ya injini, mwaka mmoja. Kulinganisha vitu viwili vilivyo mbali ni kujipunja mwenyewe.

Aulize bei ya mwisho, si bei ya mdomoni. Je, imo gharama ya usajili wa TRA? Imo namba? Imo bima? Imo kofia ngumu, na zana, na matengenezo ya kwanza? Muuzaji wa kwanza akisema 3,000,000 bila ya hivyo, na vyote vikigharimu 250,000, naye wa pili akisema 3,150,000 pamoja navyo, basi wa pili ndiye mwenye rahisi, ingawa sikioni alikuwa ghali.

Aulize bei ya Dar es Salaam pia, lakini aongeze nauli, na usafirishaji wa chombo, na siku za kazi zitakazopotea. Kwani toka Tanga ni mwendo wa kama kilomita 350. Mara nyingine ghali ya Tanga ni rahisi ya Dar es Salaam.

Aulize madereva kijiweni na mafundi, ni aina gani vipuri vyake vyapatikana mjini. Chombo kilichosimama mwezi mzima kwa kukosa kipuri, bei yake hupanda kila siku kinaposimama.

Kisha akae nyumbani kwake, aandike kiasi asichokipita, ndipo aende dukani. Asiende jioni duka likifungwa, wala siku aliyoahidi kuanza kazi, kwani mwenye haraka hulipa bei ya haraka yake. Amwache muuzaji ataje kwanza, ajibu kwa upole, na ikiwa hawakuafikiana aage kwa salamu. Biashara haigombi, na aghalabu mwenye kuaga kwa wema huitwa kabla hajavuka barabara.

SURA YA TATU: UWONGO WA MUUZAJI NA UWONGO WA MNUNUZI

Muuzaji akisema, "Chombo hiki nimekinunua kwa kadha, napata faida kadha tu," na mauziano yakafungwa juu ya mtaji huo na faida hiyo, basi neno lake limekuwa amana. Likidhihirika kuwa ni uwongo, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba ile ziada huondolewa pamoja na faida yake. Na akiapa juu yake, ameongeza dhambi juu ya dhambi: Mtume s.a.w. ametufahamisha kwamba kiapo huifanya bidhaa itoke, lakini huifuta baraka.

Na katika haramu ni najshi, nayo ni mtu kupandisha bei hali hataki kununua, ili mwingine ahadaike. Zamani najshi alisimama mnadani, siku hizi huja kwa simu, ikalia wakati mnunuzi anafikiri, na muuzaji akajibu kwa sauti, "Usiwe na haraka, yuko mtu hapa ataichukua." Ikiwa hapana mnunuzi upande wa pili, huo ni uwongo na hadaa. Lakini kwa kauli sahihi ya Mashafi, aliyehadaika kwa najshi hana khiyari. Basi mwenye kujua bei na asiitikisikie simu hiyo.

Mnunuzi naye asijione yumo salama. Haimjuzii kukitia ila chombo kizima ili kishuke bei. Haimjuzii kusema, "Duka la pili wamenipa kwa 2,800,000," hali hawakumpa. Wala haimjuzii kusema, "Sina zaidi ya hizi," hali mfukoni mna zaidi. Na aseme, "Sitoi zaidi ya hizi." Neno hilo ni kweli, nalo lina nguvu kuliko lile la uwongo. Wala haijuzu kumwendea muuzaji aliyekwisha kuafikiana bei na mtu mwingine, akampa zaidi ili amnyang'anye; ama kabla hawajaafikiana, hapana makosa.

Imepokewa kwamba Jarir bin Abdillahi, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alinunuliwa farasi kwa 300. Alipomwona, akamwambia mwenyewe kwamba farasi wake ana thamani zaidi, akawa akimpandishia mpaka akafika 800. Kwa kuwa alimwahidi Mtume s.a.w. kumtakia mema kila Muislamu. Si kila mtu awezaye daraja hiyo. Lakini asiyeweza kuipanda na aone haya kusimama chini kabisa.

SURA YA NNE: DALALI NA MJUMBE

Ujira wa dalali ni halali ukijulikana. Yafaa mnunuzi aulize mapema, "Ujira wako ni kiasi gani, na nani akulipaye?" Dalali aliyeahidiwa na duka fungu katika kila ziada, kisha akajifanya mwenzi wa mnunuzi, ameficha jambo ambalo lau mnunuzi angelijua asingelimsikiliza.

Vivyo hivyo mjumbe. Mtu wa Pangani akimpa rafiki yake 3,300,000 amnunulie Tanga, na rafiki akapunguziwa akalipa 3,100,000, zile 200,000 ni za mwenye fedha. Kuzichukua bila ya idhini ni khiana, hata akisema, "Nimezipata kwa ulimi wangu." Akitaka ujira, na aushurutishe kabla ya kwenda.

SURA YA TANO: TASLIMU NA MKOPO

Muuzaji akisema, "Taslimu 3,000,000, kwa mwaka mmoja 3,800,000, chukua upendayo," na wakaachana pasipo kuchagua, mauziano hayo ni batili, kwani thamani haikujulikana. Ama wakichagua moja kabla ya kuachana, yamesihi. Wala ziada kwa ajili ya muda, ikiwa imeingia katika bei tangu mwanzo, si riba. Haya yameamuliwa pia na Baraza la Kimataifa la Fiqhi huko Jidda mwaka 1990. Riba ni pale malipo yanapochelewa na deni likaongezwa. Mnunuzi ausome mkataba, akitafuta khasa neno hilo la nyongeza ya kuchelewa; na akilikuta aombe liondolewe, na wasipokubali aondoke.

Bodaboda nyingi huchukuliwa kwa njia iitwayo "mkataba": dereva hupeleka hesabu kila siku au kila wiki mpaka itimie jumla, ndipo chombo kiwe chake. Hapa dhulma huingia kwa kutobainisha. Je, ni kuuziana au ni kukodishana? Chombo kikiibwa au kikiharibika katikati, hasara ni ya nani? Dereva akishindwa katika mwezi wa mwisho, alivyokwisha kulipa huwa nini? Haya yote yabainishwe na yaandikwe siku ya kwanza. Ama kwenda benki inayofuata njia ya murabaha, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, sharti lake ni benki ikimiliki chombo kwanza, kisha ndiyo imuuzie mteja kwa bei iliyotajwa.

SURA YA SITA: KHIYARI, KASORO NA MAANDISHI

Wauzianao wana khiyari maadamu hawajaachana pale walipokaa. Tena yafaa kushurutisha khiyari mpaka siku 3. Sahaba Hibban bin Munqidh alikuwa akihadaiwa katika biashara; Mtume s.a.w. akamfundisha aseme anaponunua kwamba hapana hadaa. Wanazuoni wa Kishafi wamesema, wakilijua wote wawili maana ya neno hilo, mnunuzi amepata khiyari ya siku 3. Lakini na aishurutishe kabla ya chombo kusajiliwa kwa jina lake TRA, kwani baada ya hapo kurudi nyuma ni kuzito.

Arbuni, yaani kutanguliza fedha ambayo mnunuzi asipomaliza hupotea, Mashafi wameibatilisha na Imamu Ahmad ameiruhusu. Lililo salama ni kuandika kwamba itarejeshwa.

Kasoro ya zamani ikidhihirika, mnunuzi arudishe upesi, wala asiendelee kupandia abiria. Kwani kukitumia baada ya kujua ni dalili ya kuridhika. Na muuzaji akisema, "Kikitoka dukani sina dhamana na lolote," neno hilo halimwokoi na kasoro aliyoijua akaificha.

Mwisho, akague namba ya chesi na ya injini, azilinganishe na kadi. Adai risiti ya mashine ya EFD yenye bei ile ile aliyolipa, wala asikubali kuandikiwa pungufu, kwani huo ni ushahidi wa uwongo. Na patano la deni liandikwe mbele ya mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika Suratul-Baqara, aya ya 282. Mali bila daftari hupotea bila khabari.

KHATIMA

Mtume s.a.w. amewaombea rehema wepesi wa kuuza, wepesi wa kununua na wepesi wa kudai. Na amefundisha kwamba wawili wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa, na wakificha na kudanganya, baraka huondoka. Wepesi si kulipa kila unachotajiwa. Wepesi ni kuuliza bila ya ukali, kukataa bila ya tusi, na kutoa ahadi ikatimia. Chombo kilichonunuliwa hivyo, mwenyewe hukipanda asubuhi moyo wake umetulia, akarudi Magharibi na chumo ambalo hana wa kulionea haya.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.