Kabla Hujanunua Kapsuli za Kahawa, Itazame Mashine

Wifi amerudi kutoka Dubai na zawadi: mashine ndogo ya kahawa na boksi mbili za kapsuli. Maji yamejazwa, swichi imewashwa, nyumba nzima imesogea jikoni. Kapsuli haiingii. "Hebu igeuze," anasema mmoja. "Isukume kidogo," anasema mwingine. Mashine ni nzima na kahawa haina kasoro, tena vyote viwili vimeandikwa Nespresso. Ila mashine ni ya mfumo wa Original, na kapsuli ni za Vertuo. Hata zikisukumwa mpaka kesho, hazitaingia.

Aliyewahi kununua regyuleta isiyoshika kwenye mtungi wake wa gesi anaujua mchezo huu. Watengenezaji wa mashine za kapsuli hawana kipimo kimoja, na kila mfumo una umbo lake. Jina la kahawa nalo halikusaidii. Kahawa ya Starbucks, kwa mfano, inauzwa katika kapsuli za Nespresso, za Dolce Gusto na za Keurig. Kinachokuambia kama itaingia ni maandishi ya mfumo, ambayo mara nyingi ni madogo, pembeni mwa boksi.

Mifumo unayoweza kukutana nayo

Nespresso Original ilianza kuuzwa mwaka 1986. Kapsuli yake ni kama kindoo cha mtoto, yenye kahawa ya gramu 5 hivi. Ukishusha mshikio, upande mwembamba unatobolewa. Maji ya moto husukumwa kwa presha kubwa mpaka karatasi ya alumini ya upande mpana inachanika, na kahawa inatoka. Hataza zake za msingi zimekwisha muda, kwa hiyo kampuni nyingi hutengeneza kapsuli za kuingia humo. Huu ndio mfumo wenye uchaguzi mpana zaidi dukani.

Vertuo ni ya kampuni hiyohiyo, na mfumo huu ulianza Marekani na Kanada mwaka 2014. Kapsuli zake zina umbo la kuba, na chini ya ukingo pana msimbopau. Mashine huusoma msimbo huo ili ijue kiasi cha maji, kisha huizungusha kapsuli hadi mara 7,000 kwa dakika. Ndiyo maana kapsuli zake haziigizwi kirahisi.

Dolce Gusto, nayo ya Nestlé, kampuni inayomiliki Nespresso, ilitoka mwaka 2006. Kapsuli zake ni za plastiki, pana kuliko za Original, na nyingine zina maziwa ya unga au chokoleti. Kikombe kimoja cha kapuchino huweza kula kapsuli mbili, kwa hiyo usihesabu boksi la 16 kuwa ni vikombe 16. Mashine za Dolce Gusto Neo zina kapsuli zake za karatasi, ambazo haziingii kwenye mashine za zamani.

Keurig imeenea zaidi Marekani na Kanada. K-Cup yake ni kikombe cha plastiki chenye chujio ndani, na hutoa kahawa nyepesi ya kikombe kikubwa, usitegemee espreso. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilitoa mashine iliyokagua wino maalumu kwenye kifuniko na kuzikataa kapsuli za wengine. Wateja walikuja juu, na mwaka uliofuata kampuni ikakiri kwamba ilikosea.

Kuna pia vifuko laini vya karatasi. Vya ESE vina upana wa milimita 44 na gramu 7 za kahawa. Hutumika kwenye mashine za espreso zenye kikapu chake. Vya Senseo ni vipana zaidi, na havibadilishani na hivyo. Na ukipewa ofisini kapsuli bapa za Nespresso, ujue ni za mashine za maofisini na hotelini. Ya nyumbani haizipokei.

Zile zinazodai kuingia

Kapsuli ya kampuni nyingine ikiandikwa kwamba inaoana na mashine yako, nunua boksi moja dogo kwanza. Ya plastiki au ya kuoza huweza kupinda badala ya kutoboka. Dalili hujitokeza mapema: mshikio unakuwa mzito, pampu inaguna, kahawa inatoka kama maji ya kuoshea vyombo, au maji yanakimbilia kwenye trei ya chini. Usilazimishe. Zima mashine, iache ipoe, kisha uinue mshikio taratibu na kuitoa kapsuli.

Njia nyingine ni kapsuli ya chuma ya kujaza mwenyewe. Kwa gramu 5 kila mara, pakiti ya gramu 250 ya kahawa ya Mbinga, Kagera au Nyeri inatoa vikombe 50 hivi. Ikisagwa laini mno maji hayapiti. Ikiwa na chenga kubwa, kahawa inakuwa chapwa.

Usisahau umeme

Mashine iliyonunuliwa Marekani hutumia volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza. Adapta ya plagi haipunguzi volti, na transfoma ndogo haihimili, kwa sababu nyingi ya mashine hizi hula zaidi ya wati 1,000. Zinazouzwa Dubai na Muscat kwa kawaida hazina shida hiyo, kwani volti zinakaribiana na za kwetu na plagi ni ileile ya pini tatu za bapa. Hata hivyo, soma kibandiko kilicho chini ya mashine kabla ya kulipa.

Kabla ya kuagiza mashine, au kabla ndugu hajapanda ndege nayo, pita kwanza duka unalonunulia mahitaji yako uone ni kapsuli gani zipo rafuni mwezi hadi mwezi. Kisha piga picha ya jina la mfumo uitume kwa mnunuzi. Mashine hununuliwa mara moja. Kapsuli utazinunua kila wiki.