Nyota anang'aa au nyota inang'aa?



Najua wengi wenu mnausubiri msimu wa nne wa Star Trek: Strange New Worlds kwenye Paramount+. Nawasikia mkiuzungumza wakati wa mapumziko, kwa Kiingereza bila shaka. Basi leo tutauzungumza kwa Kiswahili, na hatutachelewa kuanza, maana baada ya huu utabaki msimu wa tano tu, wenye vipindi sita, na hapo tamthilia itakuwa imekwisha.

Kwa wazazi wasioijua: ni hadithi ya kubuni ya kisayansi. Kuna chombo cha angani kiitwacho Enterprise, na ndani yake kuna kijana kutoka Kenya anayejua lugha 37. Kazi yake ni mawasiliano, yaani kusikiliza, kuelewa na kujibu. Anaitwa Nyota Uhura, naye anaigizwa na Celia Rose Gooding. Majina yote mawili yametoka kwetu.

Tuanze na Uhura. Mhusika huyu ni wa zamani, alitokea kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1966. Mwigizaji wa kwanza, Nichelle Nichols, amesimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Gene Roddenberry, aliyeibuni tamthilia, alilipenda neno hilo. Wakati huo lilikuwa bado bichi: Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Wakabadilisha irabu ya mwisho ili lisikike kama jina la mwanamke. Kwetu a ya mwisho haimfanyi mtu kuwa mwanamke (muulizeni Juma, au Musa), lakini tuwasamehe.

Sasa angalieni neno lenyewe. Mzizi ni huru. Tunaweka u- mbele, tunapata jina la hali: huru, uhuru. Vivyo hivyo zuri, uzuri; gonjwa, ugonjwa; vivu, uvivu. Ila huru lina tabia yake. Tunasema mtu mzuri, watu wazuri, lakini mtu huru, watu huru, nchi huru. Halibadiliki. Wengi wenu huandika "watu wahuru", na mimi kalamu nyekundu ninayo.

Nyota ndilo jina lililotupa kichwa cha somo. Kwenye skrini lilisikika rasmi katika filamu ya mwaka 2009. Nyota moja, nyota nyingi: neno ni lilelile, hivyo kitenzi ndicho kinachotuambia ni ngapi. Nyota inang'aa, moja. Nyota zinang'aa, nyingi. Lakini Nyota akiwa mtu, anaingia kwenye ngeli ya watu: Nyota anang'aa, Nyota amechoka, Nyota hataki kuamka. Mkitazama, semeni kwa sauti: "Nyota anaitazama nyota." Mkiiweza hiyo, nusu ya somo mmemaliza.

Katika msimu wa kwanza, mwaka 2022, kuna kipindi ambacho Uhura anaimba kwa sauti ya chini mbele ya nyotamkia, na ile nyotamkia inamjibu. Nyotamkia ni ile yenye mkia, inayolizunguka jua. Msiichanganye na kimondo, ambacho hudondoka. Kipo kimoja kikubwa sana Mbozi, Tanzania, na watu huenda kukitazama. Na kuna aliyeniuliza kama Uhura na Zuhura ni ndugu. Hapana. Zuhura ni sayari, ya pili kutoka kwenye jua, na ni jina zuri la msichana pia. Mirihi ni ile nyekundu.

Msidhani haya ni mambo ya filamu tu. Mae Jemison, daktari na mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, alivutiwa na Uhura tangu utotoni. Na Kiswahili alijifunza.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1967, kiitwacho The Changeling. Mashine inamfutia Uhura kumbukumbu zake. Inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na anayemfundisha ni Chapel, muuguzi, mwenzangu wa kazi. Uhura akikwama anarukia Kiswahili. Kiingereza kimefutika, Kiswahili kipo.

Nilikitazama kwa jicho la wodini. Tunapokea wazee waliokaa ughaibuni miaka arobaini, waliofanya kazi na kulea watoto kwa Kiingereza. Kiharusi kikiwapata, au ugonjwa wa kusahau, wapo ambao lugha waliyojifunza ukubwani huondoka kwanza na ile ya utotoni hubaki. Si wote, lakini nimewaona. Bibi anasema "nina kiu", na mjukuu aliye kando ya kitanda anatabasamu tu, anampapasa mkono, kwa sababu hajui anaombwa nini. Nikiwapo, namnywesha maji. Lakini zamu yangu huisha saa mbili usiku.

Kwa hiyo sentensi za wiki hii hazitoki angani. Mzijue kwa moyo, watoto, pamoja na majibu yake:

"Nina kiu." – "Nakuletea maji sasa hivi, bibi."
"Naumwa." – "Unaumwa wapi, babu? Nionyeshe."
"Nasikia baridi." – "Ngoja nikufunike."
"Nataka kwenda msalani." – "Haya, nishike mkono, twende polepole."
"Wewe ni nani?" – "Ni mimi, mjukuu wako." (Mtaje na jina la baba au mama yako. Msikasirike mkiulizwa mara ya tano.)

Kazi ya nyumbani: andikeni sentensi sita zenye neno nyota, mbili za mtu, mbili za nyota moja, mbili za nyota nyingi. Kisha mpigieni simu bibi au babu, shikamoo kwanza, mmuulize kwao ile nyota ya alfajiri waliiitaje, na muandike jibu kama alivyolitamka.

Wazazi, baadhi ya vipindi vya Strange New Worlds vinatisha, hasa vyenye wale viumbe waitwao Gorn. Tazameni ninyi kwanza kabla ya kuwaita wadogo. Madaftari yaje Jumamosi.