Simu Mkononi, Pikipiki ya Stima Barabarani

Somo hili ni la vikundi vilivyo na vijana wanaosoma Nairobi. Wapo wanaobeba abiria au chakula kwa pikipiki za stima ili wapate karo na kodi ya nyumba. Utawaona Waiyaki Way, kuanzia Kangemi na Westlands hadi katikati ya jiji: pikipiki inakwenda, simu iko mkononi. Wazee husema ni utovu wa adabu tu. Hebu tuangalie vizuri.

Kwanza, simu ndiyo bosi wao. Oda huingia kwa simu, na ukikawia kujibu inapewa mwingine. Ramani imo humo, malipo ya M-Pesa yamo humo, na hata kituo cha kubadilishia betri hutafutwa humo humo.

Pili ni pikipiki yenyewe. Ile ya petroli humshughulisha mtu kwa klachi na gia. Nyingi za stima hazina klachi. Mkono wa kulia unaongeza mwendo, wa kushoto unakaa bure, na mkono uliokaa bure hutafuta kazi. Lakini baadhi ya pikipiki hizo zina breki ya nyuma mkono huo huo wa kushoto! Tena hazina kelele. Mama anayevuka barabara Kangemi hasikii kitu, kwa hiyo ni lazima dereva amwone yeye.

Fanyeni hesabu pamoja. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni kama mita 11 kila sekunde. Ukisoma ujumbe kwa sekunde 3 umekwenda mita 33 bila kuangalia mbele. Pimeni mita hizo hapo nje ya mkutano, halafu mmoja azitembee akiwa amefumba macho. (Faini ya papo hapo, kwa kanuni za 2016, ni shilingi 2,000. Hiyo ni ndogo kuliko mguu.)

Je, anayepiga ni nani? Mara nyingi ni sisi. Kikundi kimemkopesha kijana pikipiki, na mweka hazina anampigia saa kumi na moja jioni kuuliza marejesho, wakati Waiyaki Way imejaa magari. Asipopokea, tunasema ametoroka na deni.

Maswali ya kujadili:
Tukubaliane na kijana wetu saa gani ya kumpigia?
Asiposhika simu, tumpe muda gani kabla ya kulalamika?
Tarehe ya marejesho inamlazimu kukimbiza oda ngapi kwa siku?